Toronto, Mji wa Kukiri

Mjini Toronto kikao cha hadhara, hata kiwe cha wazazi wa shule ya msingi, huanza kwa mtu kusimama na kusoma karatasi: ardhi hii ni ya jadi ya Wamississauga, Waanishinaabe, Wahaudenosaunee na Wawendat. Watu huinamisha macho. Karatasi hukunjwa, na ajenda ya kwanza, siku niliyokuwapo, ikawa maegesho ya magari. Sisi Watanzania tuliozoea “itifaki imezingatiwa” hatuwezi kushangaa sana. Kwetu hutajwa wakubwa waliopo. Kwao hutajwa walionyang’anywa, ambao kwa kawaida hawapo. Ila Dar es Salaam sijawahi kusikia Wazaramo, wenyeji wake, wakitajwa namna hiyo.

Katikati ya mji, pale mitaa ya Yonge na Dundas inapokutana, kuna uwanja wa zege uliozungukwa na skrini kubwa za matangazo. Ulikuwa na jina la Dundas, mwanasiasa wa Uskoti ambaye mwaka 1792 alilishawishi bunge la Uingereza likomeshe biashara ya watumwa polepole badala ya mara moja. Desemba 2023 madiwani waliupa jina la Sankofa, neno la Waakan wa Ghana. Mtaa wenyewe wa Dundas umebaki na jina lake, maana kubadilisha vibao vyake vyote ni ghali. Nilisimama chini ya skrini za vipodozi nikiwa Mwafrika niliyeheshimiwa bila kuulizwa. Nikamkumbuka Askari wetu wa shaba pale Mtaa wa Samora, Dar es Salaam: Waingereza walimsimamisha mwaka 1927 mahali ilipokuwa sanamu ya Mjerumani Wissmann, nasi baada ya uhuru tukamwacha na bunduki yake. Watu humtumia kuelekezana njia.

Majuto ya Wakanada si maigizo matupu. Watoto wapatao 150,000 wa wenyeji wa asili walipelekwa katika shule za bweni zilizoendeshwa zaidi na makanisa, wakikatazwa lugha zao, na shule za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Mwaka 2021 zilipotangazwa habari za makaburi yasiyo na alama kwenye maeneo ya shule hizo, bendera ilishushwa nusu mlingoti mwishoni mwa Mei ikakaa hivyo hadi Novemba. Kwetu ikishushwa, tunajua itapanda lini. Kule serikali ilipata shida kueleza ni kipi kitakachoiruhusu ipande tena.

Hapo ndipo fikra za mrengo wa kushoto wa Kanada zinaponishinda. Nyerere naye alikuwa mtu wa mrengo wa kushoto, lakini ujamaa wake ulipandisha bendera, ukakimbiza Mwenge mkoa kwa mkoa na kuwafundisha watu kusema “sisi”. Gharama ilikuwepo: mamlaka ya machifu yalifutwa, na anayeuliza kabila lako bado hutazamwa vibaya. Lakini mrengo uleule uliolijenga taifa kwetu, kwao ndio unaolitilia shaka. Mwaka 2015 Waziri Mkuu Justin Trudeau aliliambia gazeti la Marekani kwamba Kanada haina kiini cha utambulisho wake. Kauli ya namna hiyo huisema mtu ambaye jirani yake hamtishii.

Jirani akatishia. Donald Trump aliporudi madarakani na kuiita Kanada jimbo la 51, jani jekundu la bendera likarudi madirishani, na Februari 2025 mawaziri wakuu wa zamani watano, wa vyama vinavyopingana, waliwaomba wananchi kwa pamoja wapeperushe bendera. Sikuona ubaya wowote katika hilo. Niliona watu wakiazima haraka kitu walichokuwa wamezoea kukionea haya. Na chama cha Trudeau, kikiongozwa sasa na Mark Carney, kilikwenda kwenye uchaguzi wa Aprili mwaka huo kikinadi taifa ambalo kiongozi wake wa jana alisema halina kiini, na kikashinda.