Hesabu ya Mwezi

Bwawa la Julius Nyerere, katika mto Rufiji, lilianza kujazwa maji tarehe 22 Desemba 2022. Mitambo yake ni tisa, kila mmoja una uwezo wa megawati 235. Kazi ya mitambo hupimwa mwezi kwa mwezi: umeme uliozalishwa, saa za kazi, saa za matengenezo. Hesabu hiyo ni halali, wala si ndogo kwa nchi iliyozoea giza. Lakini mkulima wa delta, huko Kibiti, ana kipimo kingine. Mafuriko ya kiasi humwachia rutuba ya mlau, kilimo kifuatacho maji yapunguapo, na huyarudisha nyuma maji ya chumvi. Yakizidi, kama Aprili 2024, huchukua mpunga na nyumba. Yeye huuliza neno ambalo megawati hazilijibu: mwezi huu milango itafunguliwa lini?