Kisiki Hakina Sumaku

Mwaka jana mdogo wangu aliyeko Urambo alinitumia video ya WhatsApp, haifiki hata dakika moja. Trekta jembamba linapita katikati ya mistari ya mizabibu, huko Ulaya, na ubavuni lina mkono wa chuma unaopalilia chini ya mashina. Kila mkono ukikaribia nguzo ya chuma inayoshikilia waya, unajirudisha ndani wenyewe, nguzo inapita, kisha unatoka tena na kuendelea na kazi. Hakuna kinachogongwa. Chini yake ameandika: "Dada, hii inaweza kuona visiki?"

Lilikuwa swali la pesa. Yeye na wenzake wawili walikuwa wanataka kuchanga wanunue trekta lililotumika, waanze kulima kwenye shamba la baba kisha wakodishe kwa majirani. Shamba lenyewe lilikuwa msitu wa miombo siku si nyingi zilizopita. Visiki vimejaa, vingine unaviona, vingine vimekatwa chini kabisa na majani yamevifunika. Plau ikivunjika siku ya kwanza, mchango wa watu watatu umekwenda fundi.

Mimi ni mwandishi wa habari, si fundi. Lakini nyumbani ukishasoma chuo kikuu unaonekana unajua kila kitu, basi nikaingia kusoma na kupigia watu simu.

Mashine nyingi za mizabibu zina fimbo nyembamba inayotangulia mbele ya kisu. Ikigusa kitu inasukumwa nyuma, inafungua valvu ya mafuta, na mkono unajirudisha. Ni kama unavyotembea usiku umenyoosha mkono mbele. Njia ya pili haihitaji kugusa. Waya uliozungushwa kama uzi kwenye kigurudumu hupitishwa umeme unaobadilika-badilika, na kuzunguka waya huo panakuwa na nguvu ya sumaku. Chuma kikikaribia, ndani yake nako unazaliwa mkondo mdogo wa umeme, nao unaivuruga ile nguvu ya sumaku. Kifaa kinasoma huo mvurugo na kusema: hapa kuna chuma. Mashine za kukata majani ya ng'ombe pia huwekewa kifaa cha namna hii, maana kipande kimoja cha chuma ndani ya visu vyake ni hasara kubwa, na ng'ombe akikimeza ni msiba mwingine.

Tatizo, na hili nililisoma mara tatu nikitumaini nimeelewa vibaya, ni kwamba kifaa hicho hakina habari na mti. Kwa mizabibu ni sawa, kwa sababu mkulima alizichimbia nguzo mwenyewe, anajua ni za nini na ziko mstari gani. Kisiki cha mninga hakina sumaku. Unaweza kupitisha kifaa juu yake kutwa nzima na kitakwambia shamba ni safi. Na ile fimbo ya kugusa haigusi kilicho chini ya udongo.

Nikamwandikia: "Hapana. Inaona chuma tu." Akajibu kwa emoji ya mtu anayelia.

Wa Urambo mtasema hili si geni, na ni kweli. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma wataalamu Tanganyika kuangalia kama karanga zinaweza kulimwa kwa wingi. Walizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, wakapendekeza kusafisha zaidi ya ekari milioni tatu. Kazi ikaanza 1947: Kongwa kwanza, halafu Nachingwea na Urambo. Yaliletwa matrekta yaliyobaki kwenye vita, vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta, minyororo mizito ikafungwa kati ya mashine mbili ili ikivutwa iangushe miti. Miti ilianguka, lakini mizizi ilibaki ardhini, na huko Kongwa ndiko vyuma vilikoishia, kupinda na kuvunjika, huku udongo mgumu ukisaga vilivyosalia. Januari 1951 mradi ukafutwa, na hasara ikahesabiwa kuwa pauni milioni 36 hivi. Urambo wakageukia tumbaku, na hadi leo ndiyo inayolipa ada za shule.

Mimi kinachonikera katika habari hiyo ni zile wiki tisa kuliko hata pauni. Kutoka angani miombo ni zulia la kijani. Aliye chini anajua habari nyingine. Njia ya misafara ya zamani, ile ya kutoka Bagamoyo kupita Tabora kwenda Ujiji, ilikuwa njia ya miguu ya watu wa mstari mmoja, na njia ya namna hiyo haina kiburi: mti ukianguka, inapinda. Watu wakiziba, inapinda zaidi. Mwaka 1871 Mirambo alipoifunga kwa vita, Stanley alizunguka kusini kabisa ndipo akafika Ujiji. Bibi yetu alitufundisha kutembea porini kwa mtindo huohuo. Wa mbele akiona kisiki anasema "kisiki", wa pili anarudia, mpaka wa mwisho. Wa mwisho alikuwa mimi, na nilikuwa sina wa kumwambia.

Wapo waliokwisha kulitatua jambo hili bila kifaa cha kuona. Australia Kusini, mwaka 1876, Richard Bowyer Smith alitengeneza plau ambayo kila jembe lake lina bawaba: likikuta kisiki linanyanyuka, linakiruka, linashuka tena upande wa pili. Hata plau ya sahani, ambayo ndiyo ya kawaida kwetu, huvuka kisiki kwa kubingirika juu yake, ingawa ukienda kasi utaikunja. Nikamtumia mdogo wangu habari hizi zote. Akafurahi. Kisha akaleta wazo la kung'oa visiki vyote mara moja, na hapo baba akakataa.

Nilipokwenda likizo tulizungumza naye nje, baada ya chakula.

"Baba, vinatuvunjia plau."

"Plau inauzwa dukani," alisema. "Hivyo viko hai."

Na viko hai kweli. Miti ya miombo huchipua kwenye visiki. Shamba ukilipumzisha bila kuving'oa, msitu unaanza kurudi kwa mizizi ya zamani, na ukiving'oa unasubiri mbegu na bahati. Baba anakausha tumbaku kwenye bani kwa kuni, na kuni tayari zinafuatwa mbali kuliko nilipokuwa mtoto. Mdogo wangu naye ana watoto wawili na mgongo unaouma. Sikuweza kumwambia yeyote kati yao kwamba amekosea, na bado siwezi.

Wakakubaliana hivi: ekari mbili za kuanzia, visiki vinabaki. Tulipita mstari kwa mstari, mimi, mdogo wangu na mke wake, tukichoma ardhi kwa nondo kila hatua moja. Nondo ikigonga mti unasikia kiganjani kabla ya sikio. Jiwe linarudisha mkono kwa ukali, mzizi unarudisha taratibu. Palipogonga tulisimika kijiti chenye kitambaa chekundu cha kanga iliyochakaa. Siku mbili na nusu. Vijiti 143.

Trekta walikuwa hawajalinunua, wakakodi la mtu. Dereva alishuka, akatazama vitambaa, akauliza kama kuna mkutano wa chama. Alipoelewa akataka aongezwe pesa, maana kukwepa kote huko kunakula mafuta. Mdogo wangu akamwonyesha sahani ya plau yake, ambayo tayari ilikuwa na pengo la shamba la mtu mwingine. Walibishana hadi saa nne, kisha injini ikawaka.