Tulisema Ni Malaria

Habari tunayotaka kusimulia ina aibu kidogo, na ni aibu hiyo hiyo iliyotuumiza. Twawaomba mama zetu wasifunge gazeti. Neno hili linawahusu wao pia.

Sisi tulizaliwa katika ukoo usiotahiri. Babu hakutahiriwa, wala baba. Nasi tulikua hivyo hivyo, tukasoma seminari miaka michache, tukarudi nyumbani Bukavu, tukaoa, tukapewa kazi ya ukatekista, bila kulifikiri jambo hilo hata siku moja. Tena seminarini tulifundishwa vizuri kwamba Mitume, walipokutana Yerusalemu, hawakuwatwika mataifa mzigo wa tohara. Kumbe mwili haukusoma Matendo ya Mitume. Tulipofika miaka thelathini na mitatu govi lilianza kubana na kuvimba. Lilipona, likavimba tena. Mganga akatutazama, akasema: «Mwalimu, dawa ya kupaka imeshindwa. Imebaki kukata.»

Tulikatwa siku ya Jumanne, juma la pili baada ya Pasaka. Kazi yenyewe haikutimiza saa moja: sindano ya ganzi, mkasi, nyuzi zinazoyeyuka zenyewe, bendeji. Tukapewa karatasi ya maonyo kwa Kifaransa, vidonge vya parasetamoli, na amri ya kurudi kesho kutwa. Mlangoni tukapanda pikipiki ya abiria. Mtu anayejua milima ya Kadutu na mashimo yake hana haja tumweleze zaidi. Ganzi iliisha katikati ya mlima.

Nyumbani mama wa watoto alijua kweli yote. Lakini majirani tuliwaambia ni malaria. Tuliona haya: mwalimu wa dini, baba wa watoto watatu, kulazwa kwa jambo la vijana wadogo! Basi malaria ikatuletea wageni wa malaria. Walikuja na chai na majani machungu ya kunywa, wakaketi kitandani karibu na miguu yetu, na kila aliyeketi alitutikisa. Mmoja alishangaa kutuona tumejifunga kikwembe cha mama badala ya suruali. Tukasema ni joto la homa. Usiku wa Bukavu una baridi, na sidhani kama aliamini, lakini alinyamaza.

Ubaya wa malaria ni kwamba siku ya nne watu hukuhesabu umepona. Jumamosi alfajiri mkubwa wa shirika letu akabisha hodi. Mama mmoja mjane wa mtaani amefariki, jeneza lapaswa kupandishwa mpaka barabarani, wanaume hawatoshi. Tungejibu nini? Tukavaa suruali, tukatia bega chini ya jeneza. Hatukufika barabarani. Tulisikia kitu cha moto kinashuka pajani, tukadhani ni jasho.

Ndipo malaria yetu ikaisha mbele ya watu wote. Mama alikunja kitambaa safi, akatuambia tukandamize kwa nguvu dakika kumi za saa, bila kufunua-funua ili kutazama. Damu ilipungua, haikukoma. Tukarudishwa kwa mganga, naye akaona nyuzi mbili zimekatika. Alizishona tena huku akitugombeza kama mtoto, na haki ilikuwa yake.

Aliyetufundisha kuliko karatasi ni jirani yetu, mzee mmoja Mlega wa Mwenga. Walega wana bwali, yaani jando lao, na yeye alipita humo zamani. Alikuja jioni, akacheka kwanza, halafu akasema: «Mwalimu, ninyi watu wa mji mmechukua kisu, mkaacha kambi.» Akatueleza kwamba katika bwali mwenye kidonda hakubeba mzigo, hakuitwa na mtu kwa kazi yo yote, alikaa mbali na kijiji, na wakubwa walimlinda mpaka apone. Hatusifu kila neno la kambi zile. Kisu kisichochemshwa kimeua watoto wa watu po pote kilipotumiwa. Lakini kwa jambo la kupumzika mzee alisema kweli. Siku hizi mtu mzima hukatwa saa nne, saa sita yuko kwake, na kesho yake kila mtu anamngoja kazini.

Usiku ule tulifungua Biblia, tukaona kwamba habari hizo tulizisoma mara nyingi bila kuziona. Yosua alipowatahiri watu wazima huko Gilgali, Yeriko ikiwa mbele yao, jeshi lote halikuondoka kambini mpaka walipopona. Watu wa Shekemu waliuawa siku ya tatu, wakati maumivu yamezidi na hawakuweza kujitetea. Na Abrahamu alitahiriwa akiwa na miaka 99. Wazee wa Wayahudi husimulia kwamba Mungu alipomtokea mlangoni mwa hema, alikuja kumtazama mgonjwa.

Basi tukaanza upya. Tayari tulikuwa tumejifunza kukojoa kabla ya kulala, maana mwili huamka wenyewe usingizini na kuvuta nyuzi. Hapo dawa ni kusimama na kutembea kidogo chumbani. Maji hayakugusa bendeji siku mbili. Baadaye tuliosha kwa maji safi na sabuni isiyo kali, tukakausha kwa kugusa tu, tukavaa nguo ya ndani inayokishika kiungo kikielekea juu, na uvimbe ukapungua. Shangazi mmoja alileta majivu. Tulimshukuru, tukayaweka mlangoni. Majivu, dawa ya meno, majani yaliyopondwa, vyote vyaweza kuleta pepopunda, na pepopunda haina huruma. Kwa maumivu tulimeza parasetamoli, si aspirini, kwa kuwa aspirini huzuia damu kuganda. Na mganga alituonya: usaha, homa, uvimbe unaozidi kila siku, au mkojo kukataa kutoka, rudi mara moja, hata kama ni usiku.

Juma la tatu ngozi ilikuwa kavu. Tulijiona tumepona, na hapo twakiri tulikosana na mama wa watoto siku mbili nzima. Karatasi ilisema majuma sita bila kukutana. Yeye aliibandika ukutani karibu na kalenda ya parokia, na kila jioni alipiga alama kwa kalamu. Tulimwambia karatasi zimeandikwa kwa watu wote, nasi tunaujua mwili wetu. Akajibu: «Ulisema hivyo hivyo juu ya jeneza.»

Alikuwa na sababu kuliko alivyojua. Majaribio matatu, Orange Farm huko Afrika Kusini, Kisumu huko Kenya na Rakai huko Uganda, yaliyotangazwa kati ya mwaka 2005 na 2007, yalionyesha kwamba tohara humpunguzia mwanaume hatari ya kuambukizwa virusi vya ukimwi na mwanamke kwa kadiri ya asilimia 60. Habari hiyo imeenea, na wengi wanaokatwa leo huitaja. Nusu ya pili haikuenea. Kidonda kibichi ni mlango wazi, na juu kikiwa kikavu ndani bado kinajishona. Huko Rakai, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2009, wake waliorudiwa mapema na waume wenye virusi, kabla kidonda hakijapona, walionekana kuambukizwa zaidi. Basi anayelipia haraka ya mume huenda akawa ni mke.

Alama ya mwisho ilipigwa Jumanne ya sita. Jumapili iliyofuata, baada ya sala ya shirika, tuliwabakiza wanaume, tukawaeleza yote, pamoja na kikwembe. Walicheka sana. Kisha mmoja akauliza, mwingine naye akauliza, tukatawanyika giza limekwisha kuingia.

Juma lililopita tulikutana na mzee wetu wa Mwenga akipanda mlima, bidoni ya maji mkono huu, bidoni mkono huu. Tukamwuliza ni za nani. Akasema ni za kijana wa kwaya, ana malaria, tena tusipite kumketia kitandani.