Katibu na Kanda za Wazee: Tawasifu ya Kazi Meru na Embu

Historia ya watu waishio kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya imehifadhiwa, kwa kiasi kikubwa kuliko vitabu vinavyokiri, na watu wa kawaida walioendesha vikundi vidogo vya hiari: walimu wastaafu, makarani, akina mama wa kanisani na wazee wa mabaraza, ambao sebule zao ziligeuzwa ofisi na kabati zao zikawa maktaba. Mwandishi wa tawasifu hii alikuwa mmoja wao. Alianza kazi akiwa mwalimu wa historia, kisha akachaguliwa kuwa katibu wa kikundi kilichokusanya simulizi kutoka Igembe hadi Mbeere, na wadhifa huo, ambao haukuwa na mshahara, ndio uliochukua sehemu kubwa ya maisha yake.

Walioingia katika kazi hiyo walikuta njia imekwisha kufyekwa. Bethwell Ogot, katika kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu Wajaluo, alikuwa ameonyesha kwamba simulizi za wazee zinaweza kujenga historia iwapo zitakusanywa kwa wengi, zilinganishwe, na kupangwa kwa vizazi. H. S. K. Mwaniki alichapisha historia ya Waembu na Wambeere mwaka 1973, na mwaka uliofuata akatoa matini za mahojiano yenyewe, hatua ambayo mwandishi anaihesabu kuwa ya heshima kubwa, kwa sababu iliwapa wasomaji maneno ya wazee pamoja na hitimisho la mtafiti. Upande wa Meru, Bernardo Bernardi, mmisionari na mwanaanthropolojia kutoka Italia, aliandika mwaka 1959 kuhusu Mugwe, yaani kiongozi wa kiroho aliyebariki jamii na kuliombea rika, naye Jeffrey Fadiman, aliyewahoji wazee mwishoni mwa miaka ya 1960, alitoa vitabu vyake mwaka 1982 na 1993. Vitabu hivyo, hata hivyo, viliandikwa kwa Kiingereza na vingine vikachapwa ng'ambo, hivi kwamba familia nyingi za waliosimulia hazikuwahi kuviona. Kazi ya kwanza ya kikundi ikawa kuvirudisha nyumbani, kuvifasiri kwa sauti mbele ya wazee na kuandika pembeni yale waliyoyakubali na yale waliyoyapinga.

Mfano bora ni simulizi la Mbwaa, kisiwa cha pwani ambako mababu wa Ameru wanasemekana kuonewa na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani wavaa nguo nyekundu, na ambacho baadhi ya watafiti wamekihusisha na Manda karibu na Lamu. Wazee husimulia kwamba maji yalivukwa kwa makundi: waliovuka usiku wakaitwa Njiru, weusi, waliovuka alfajiri Ntune, wekundu, na waliovuka mchana Njeru, weupe. Kwa kuwa kila ukoo ulikuwa na namna yake ya kulieleza tukio hilo, kikundi kilikataa kuchagua toleo moja na kuliita sahihi. Kila kanda iliandikiwa jina la msemaji, ukoo wake, rika lake, yaani kundi la waliotahiriwa katika kipindi kimoja, mahali alipozungumzia, na jina la aliyemsimulia yeye. Usajili huo ulichosha kuliko safari zenyewe, lakini bila huo kanda ingebaki sauti isiyo na mwenyewe.

Suala la ardhi ndilo lililodai busara zaidi. Kule Mbeere, upimaji na usajili wa mashamba ulipoanza, koo zilifika mbele ya kamati zikiwa na nasaba na masimulizi ya mipaka kama ushahidi, jambo ambalo Jack Glazier alilichambua kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1985. Kuanzia hapo, mzee aliyeulizwa babu yake alilisha mifugo wapi alijua kwamba jibu lake lingeweza kumpokonya jirani shamba, na aliyeshika kipaza sauti alipaswa kulijua hilo pia. Kikundi kikaweka kanuni kwamba kanda zinazotaja mipaka hazitolewi kwa yeyote mwenye kesi, awe tajiri au ndugu wa mwenyekiti, isipokuwa msemaji au warithi wake wametoa ridhaa mbele ya kamati nzima. Kanuni hiyo iliwapotezea wafadhili na marafiki, na mwandishi angeitetea leo kwa maneno yale yale.

Mweka hazina, mama aliyekuwa mkali wa hesabu, ndiye aliyewalazimisha wanaume wa kamati kusikiliza upande mwingine. Mwaka 1956 Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Meru, lilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana, na wasichana wengi wakajibu kwa kukeketana wenyewe kwa wenyewe, wakapewa jina la Ngaitana. Wazee waliolizungumzia jambo hilo walitaja amri. Wanawake, walipohojiwa na wanawake wenzao bila mwanamume barazani, walitaja faini, hofu na ushindani kati ya marika. Baadhi yao waliomba majina yao yafichwe, nayo yakaandikwa katika daftari la pekee lililofungwa kwa kufuli.

Kikundi kilisajiliwa katika ofisi ya maendeleo ya jamii na kuishi kwa michango. Jumba la Makumbusho la Meru, lililofunguliwa mwaka 1974, lilikuwa mahali pa kukutania na watafiti. Katiba ya 2010 iliutambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, serikali za kaunti zilizoanza mwaka 2013 zikapewa shughuli za utamaduni, na sheria ya mwaka 2016 ikalinda maarifa ya jadi, yaani ujuzi ambao jamii imerithishana, dhidi ya matumizi yasiyo na ridhaa yake. Kwa kikundi kilichokuwa kikidai ridhaa tangu zamani, sheria hiyo ilikuja kama msaada uliochelewa. Siku hizi kanda zinanakiliwa kwenye kompyuta, nao vijana wa Chuka na Runyenjes wanaofanya kazi hiyo hulazimika kukaa na wazee waliobaki ili kuyaelewa maneno ya lahaja ambayo shule hazikuwafundisha.