Faneli mbili za kumiminia upepo

Haya wadau, najua nimepotea. Wiki mbili sijaandika kitu, mpaka mwenzangu wa chumbani ameanza kutangaza kwamba nimeolewa kimya kimya. Nilikuwa nyumbani Magomeni, nimelala juu ya boksi la friji, chini ya Impreza ya kaka.

Kisa kilianzia Lushoto, tukirudi kutoka harusini, Mama kakaa mbele. Ile barabara ya kushuka Mombo wengine mnaijua: kilometa 30 na kitu za kona, ukuta huku, bonde kule. Kaka na turbo yake akawa anafukuza mpaka kwenye kona, halafu anabana breki. Katikati ya mlima tukasikia harufu ya kitu kinachoungua. Kona mbili mbele, pedeli ikazama kama anakanyaga sponji. Akarudisha gia ya pili, ya kwanza, akavuta breki ya mkono, tukasimama ukingoni. Mama hakusema neno. Tulipofika Mombo akashuka na mkoba wake, akapanda basi.

"Wewe si unasomea mashine huko Mlimani? Haya, tengeneza," kaka akaniambia.

Nikapiga hesabu. Gari ya kilo 1,300 inayokwenda kilometa 100 kwa saa, ukiisimamisha breki zinameza kilojuli 500 hivi. Hizo zinatosha kuchemsha maji ya lita moja na nusu, na hapo ni kusimama mara moja tu. Magari ya mashindano hupelekewa upepo kwenye diski kwa mirija kutoka kwenye bampa, nikaamua kutengeneza yetu. Kaka akafurahi, akaanza stori zake za Bert Shankland wa hapa hapa Dar, aliyeshinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Nikamwambia Shankland hakuwa amembeba Mama.

Nikaenda Gerezani, kwa mafundi bati.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unataka jiko?"

"Nataka faneli mbili, mdomo wa pembe nne, mkia wa duara wa inchi 3."

Akauliza zitamimina mafuta gani. Nikasema upepo. Akanitazama weee, kisha akaniuliza mkia unaishia wapi. Nilipomweleza akaweka chini chuma cha lihamu. "Penye moto hivyo lihamu itayeyuka, mwanangu. Huko tupige ribiti." Jamani, mwaka wa tatu mimi, na hilo halikunijia kabisa!

Hata hivyo mara ya kwanza nilikosea. Nilielekeza upepo kwenye uso wa diski. Diski za mbele za gari lile ni sahani mbili zenye mapezi katikati. Ikizunguka hunyonya hewa kutoka kitovuni na kuitupa nje. Kwa hiyo upepo upelekwe kitovuni, upande wa ndani, baada ya kukata kile kibati cha kuzuia vumbi. Halafu kaka akakata kona kali, tairi likautafuna mpira wangu wote. Nikaanza upya.

Sasa sikilizeni. Kabla ya kufunga magurudumu nikaona heri nitoe na mafuta ya breki. Yakatoka meusi kama kahawa ya mtaani. Mafuta yale hunyonya unyevu wa hewani, na kwa joto la Dar hili! DOT 3 mpya inatakiwa ivumilie angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Ikishakunywa maji kiwango ni 140 tu. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, ndiyo ile sponji. Nikamuuliza kaka alibadilisha lini. "Kubadilisha? Mimi huwa naongezea tu."

Nilikaa juu ya boksi langu, hasira na kicheko pamoja. Kopo la mafuta mapya ni bei ndogo kuliko nauli niliyotumia kwenda Gerezani na kurudi.

Mirija tumeiacha, inasaidia kweli, ila mvua iliponyesha ilichota matope ya Jangwani kama vijiko, kwa hiyo tukiwa mjini naiziba na kitambaa. Jumamosi tunarudi Lushoto. Mama amekubali kupanda, kwa sharti moja: kushuka atashuka na basi, sisi tumsubiri Mombo.