Kidole Kimoja na Wapishi Wengi

Wahenga hawakuafikiana kila mara. Waliosema kidole kimoja hakivunji chawa ndio hao hao waliosema wapishi wengi huharibu mchuzi. Mwanafunzi mmoja wa Kiswahili, mzaliwa wa Bomet, alizipokea methali hizo darasani kama mahasimu wasiopatana. Mamaye, mkulima wa chai, hakuuona uhasama huo. Kwake yeye, wachumaji kumi wanaochuma majani mawili na chipukizi huongeza mapato. Kumi wanaochanganya majani yaliyokomaa huongeza hasara, kwa kuwa karani wa kituo huyakataa. Wingi wa mikono hufaa pale tu kila mkono unapochuma vyema.

Suala hilo hilo ndilo lililowakabili wanasayansi wa tarakilishi za kwanta. Kyubiti, kipimo cha msingi cha taarifa katika mashine hizo, ni dhaifu mno: joto kidogo huipotosha, na kuisoma moja kwa moja ni kuiharibu. Mwaka wa 1995 Peter Shor alionyesha namna ya kuitandaza taarifa ya kyubiti moja juu ya kyubiti tisa. Kyubiti hizo haziulizwi zimebeba nini. Huulizwa tu iwapo zinaafikiana na jirani zao. Kwa majibu hayo kosa hutambuliwa na kurekebishwa, na siri ikabaki salama.

Hata hivyo, kila kyubiti ya ziada huja na makosa yake. Nadharia ilibainisha kwamba makosa yakiwa chini ya kiwango fulani, wingi huwa nguvu. Yakikizidi, wingi huwa balaa. Mnamo Desemba 2024 kampuni ya Google ilitangaza chipu ya Willow, yenye kyubiti 105. Mraba wa kyubiti ulipopanuliwa kutoka 3 kwa 3 hadi 5 kwa 5, kisha 7 kwa 7, makosa yalipungua kwa takriban nusu kila mara.

Jambo hili lamhusu nini mkulima wa Bomet? Lamhusu kwa sababu ya mbolea. Nitrojeni ya mbolea ya chai hutayarishwa viwandani kwa joto kali na shinikizo kubwa, na bei yake humlemea. Ilhali bakteria waishio katika vifundo vya mizizi ya maharagwe, hatua chache kutoka michaini yake, huinasa nitrojeni ya hewani pasipo tanuri. Utendaji wa kimeng'enya chao ni fumbo lililozishinda tarakilishi za kawaida, nalo ni miongoni mwa mafumbo yanayosubiri zile za kwanta. Lakini makadirio ya mwaka wa 2021 yalitaja takriban kyubiti milioni 4 kwa kazi hiyo.

Kutoka 105 hadi milioni 4 ni safari ndefu, na mwanafunzi yule hana haki ya kumwahidi mamaye mbolea ya bei nafuu. Anachoweza kumwambia, kwa Kiswahili kisicho na chumvi, ni kwamba huko maabarani hatimaye mikono imeanza kuchuma vyema.