Sauti ya Kucha

Simba hutembea kwa sauti. Naishi ghorofa ya nne huku Roysambu, na sakafu yangu ni ya vile vigae vyeupe ambavyo kila ploti mpya Nairobi inavyo. Kwa miaka mitano nimezoea kucha zake zikigonga hapo: tik-tik-tik-tik, haraka haraka, kama mtu anayejibu meseji akiwa na hasira. Nikiwa jikoni najua yuko mlangoni. Nikiwa kitandani najua ameenda kunywa maji.

Nilimwita Simba kwa sababu kila mbwa wa kwetu Kakamega aliitwa Simba, na huyu nilipompata alikuwa anatoshea ndani ya gamubuti. Mama yake ni Dachshund wa rafiki yangu. Baba hajulikani, hakujitokeza hata siku moja kutoa matunzo. Miguu yake ni mifupi na mgongo ni mrefu kama benchi ya kanisa.

Mwezi wa tatu sauti ilibadilika. Tik-tik-tik-shhh. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa unakwaruza badala ya kugonga. Nataka niseme hili mapema, kwa sababu baadaye niliambia watu kwamba sikuona kitu. Kuona, labda sikuona. Lakini kusikia nilisikia, na nikaendelea kukata vitunguu.

Siku ya tatu alifika mbele ya kochi akasimama akiliangalia. Kawaida anaruka bila kufikiria. Nikamwinua, nikajiambia anazeeka, ingawa miaka mitano kwa mbwa mdogo si uzee. Halafu akaanza kuteleza kwenye kona ya jikoni. Nikalaumu sabuni ya kupigia deki. Halafu nikamkuta amesimama miguu ya nyuma imepishana, anayumba kidogo, kama mlevi anayejaribu kuonekana mzima mbele ya mkewe. Nikampiga picha, nikaweka kwa status. Watu walicheka sana. Hata mimi nilicheka.

Ukweli ni kwamba niliogopa bili. Ilikuwa katikati ya mwezi, nimeshatuma karo ya ndugu yangu, na kwa akaunti kulikuwa na pesa ya kupumua tu. Na kulikuwa na aibu pia. Utamwambia nani kwamba umemaliza pesa kwa mbwa? Kuna watu hawajakula, na wewe unapeleka mbwa hospitali? Hakuna mtu aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe kabla ya mtu yeyote kupata nafasi.

Siku ya tisa Mama alikuja kutoka nyumbani, ana miadi ya macho. Alipanda zile ngazi akishika ukuta, anapumzika kila ghorofa. "Ngazi zenu ni za kuua watu," alisema. Nikacheka, nikamtoa mfuko wa viazi vitamu mkononi.

Mama hataki mbwa ndani ya nyumba. Kwake mbwa ana kazi yake, na kazi hiyo iko nje, usiku. Miaka yote mitano hajawahi kumgusa Simba. Lakini siku hiyo hata chai hakuwa amemaliza, akaweka kikombe chini.

"Huyu mbwa anakanyagia mgongo wa mguu."

"Anateleza tu, Mama. Ni hivi vigae."

"Kuja uone."

Akamshika, kwa mara ya kwanza, akageuza ule mguu wa nyuma. Kucha mbili za katikati zilikuwa zimesagika hadi karibu na nyama, na juu ya vidole manyoya yalikuwa yameisha. Siku zote hizo mguu ulikuwa unajikunja, na yeye anatembelea upande wa juu bila kujua. Mama amefuga ng'ombe tangu kabla sijazaliwa. "Ng'ombe akianza kutembea hivi," alisema, "hatungoji Jumatatu."

Nilitaka kumtia kwenye mkoba. Akakataa, mgongo utapinda. Akachukua karai langu la kufulia, akatandika leso yake, tukambeba Simba hivyo hadi kwa teksi kama mandazi ya kuuza.

Daktari alikuwa msichana wa rika langu. Hakuanza na mashine. Alimweka Simba sakafuni akamtazama akitembea. Akasema kichwa kimenyooka na macho yametulia. Shida ingekuwa kwenye sikio la ndani, kichwa kingelala upande mmoja, macho yangecheza-cheza, na mbwa angekuwa anaangukia upande huo huo. Kisha akainua mguu mmoja baada ya mwingine, akiukunja ili sehemu ya juu iguse meza. Miguu ya mbele Simba aliirudisha papo hapo. Wa nyuma kulia alichelewa kidogo. Wa kushoto aliuacha hivyo hivyo umekunjwa, akitutazama, kana kwamba ni mguu wa mtu mwingine.

"Mguu hauna shida," daktari alisema. "Habari za mguu ndizo hazifiki kichwani."

Akaeleza. Kati ya pingili za mgongo kuna vijimto laini. Kwa mbwa wa aina ya Dachshund vijimto hivyo hukauka mapema, mbwa akiwa bado kijana, na kimoja kikitokeza hubana uti wa mgongo. Kuruka kutoka kwa kochi kunaweza kutosha. Halafu akachukua koleo ndogo akabana kidole cha ule mguu mbovu. Simba akapiga yowe, akageuka kumng'ata.

Daktari akatabasamu. "Asante Mungu. Akitaka kuniuma, bado tuko na mchezo. Asingesikia chochote, tungekuwa tunahesabu saa."

Akaniuliza kama nimempa dawa za watu za maumivu. Sikuwa nimempa, ila nilikuwa nimewaza. Akasema ni vizuri niliishia kuwaza, kwa sababu hizo tunazonunua dukani bila kufikiria zinaweza kumdhuru mbwa vibaya sana. Kisha akauliza lile swali nililokuwa nakwepa: "Imeanza lini?"

Nikasema juzi. Mama akanitazama. Nikasema, "Siku tisa."

Nililipa 14,500, dawa ikiwemo, nusu yake ya kukopa. Upasuaji tuliuweka kando kwanza. Matibabu makubwa yalikuwa kutulia: wiki sita ndani ya kizimba, hakuna ngazi, hakuna kochi, kutoka nje ni kwa kubebwa tu, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya matako, mgongo umenyooka. Fundi wa mtaani alinitengenezea kizimba cha mbao, nikatandika mikeka sebule nzima ya siku atakapotoka. Leo anatembea. Mguu wa kushoto bado unachelewa, na akikimbia makalio yanaenda upande mwingine kama gari lililogongwa likanyooshwa vibaya. Kama ningempeleka siku ya kwanza labda angepona kabisa, labda la. Daktari hakuniambia, na mimi sikuuliza.

Mama alikaa wiki nzima. Usiku wa nne wa kizimba, Ijumaa, nililala macho wazi. Nyumba ilikuwa kimya kwa namna nisiyoijua. Hakuna kucha. Nikasikia mlango wa choo, halafu ndara za Mama zikirudi sebuleni.

Pa-shhh. Pa-shhh.

Niliketi. Nikakumbuka ule mkono ukutani kwenye ngazi. Nikakumbuka Krismasi, alivyokataa kwenda mtoni, eti baridi. Nikatoka, nikamkuta amesimama kando ya kizimba, ameshikilia ubao wa juu, anamwangalia Simba.

"Mama, huo mguu umeanza lini?"

"Mguu gani?"

"Huo unaoburuta."

"Ah, huu ni uzee tu. Na hivi vigae vyenu."

Nilitaka kucheka, sikuweza. Nikapiga magoti kwenye mkeka nikashika ile ndara ya kushoto. Mbele kwenye kidole gumba, soli ilikuwa imelika hadi karibu kutoboka. Ya kulia ilikuwa nzima. Nikamwinulia ndara aone. Aliiangalia kwa muda mrefu, jinsi alivyoziangalia zile kucha.

"Tangu mwezi wa kumi," akasema polepole. "Sikutaka kuwasumbua. Mna mambo yenu." Akakaa kwenye kochi, akajifunika leso. "Sawa. Tutaenda Jumatatu."

Sikujibu. Nilimtazama tu. Yeye ndiye aliyeanza kucheka, kwa sababu alijua tayari nitamwambia nini.